Baraza la Mjomba: Mdogo wangu kakamatwa na unga Marekani, tumwandikie nini jaji?

Habarini wasomaji wangu. Mwezi huu nilipanga kujibu maswali ya michikichi na yale ya mirathi, yamejaa kwenye simu mpaka basi, ila barua ya kwanza hapa chini nilivyoisoma nikaona haiwezi kusubiri kwa sababu ina tarehe ya mahakama ndani yake. Halafu nikaigusia kidogo tu pale barazani kwenye kahawa, hapa Ujiji, bila kutaja mtu, kumbe wenye watoto kwenye matatizo hayo hayo ni wengi, wanaficha tu. Jioni hiyo hiyo nikaletewa maswali mengine manne. Kwahiyo leo ni hilo tu, ya michikichi yatasubiri.

Shikamoo Mjomba. Mimi naishi Kibirizi, nauza dagaa, nina watoto watatu. Mdogo wangu alipata bahati nasibu ya grini kadi akaenda Marekani, yuko Ohio huu mwaka wa sita. Mwaka jana kakamatwa akiwa anaendesha gari, ndani kokeini gramu 600 na kitu, anasema ni mzigo wa mtu yeye alikuwa analipwa kupeleka tu. Kesi iko mahakama ya shirikisho na ameshakiri kosa. Wakili wake ni yule wa bure, katuma meseji watsapu kwamba ndugu tuandike barua kwa jaji kabla ya siku ya kusomewa adhabu. Tumekaa kikao cha familia hatuelewani. Kaka mkubwa anasema tuandike amesingiziwa, mama anasema tuombe msamaha tu basi, mimi sijui, na watu mtaani wanasema unga kule ni mvua 10 moja kwa moja. Mjomba, baba yetu alifia ziwani, huyu mdogo wangu ndo alikuwa anaingia ziwani usiku na wavuvi akiwa kidato cha pili ili tule, asubuhi anaenda shule ananuka dagaa mpaka wenzake wanahama dawati. Si mtu mbaya. Ila nisifiche, kule alianza kamari, hii mikeka ya mpira, akawa na madeni. Tuandike nini? — Dada Mtu, Kibirizi

Marahaba mwanangu, poleni sana na mama mpe pole yangu. Nianze na kaka mkubwa kwa sababu yeye ndo anaweza kuharibu. Hapana. Asiandike hivyo. Kijana ameshasimama mbele ya jaji akasema nimefanya, sasa nyie mkileta karatasi inayosema hakufanya, jaji atajiuliza huyu mtu huku anatuambia amejuta na nyumbani anawaambia wenzake kaonewa? Na kule kukiri sio heshima tu, kuna hesabu yake kabisa. Ngoja niwaonyeshe maana hii ndo sehemu watu wa huku hatuijui, tunabaki na "miaka 10 moja kwa moja" za kwenye vijiwe.

Kule kuna mahakama za majimbo na kuna za shirikisho, yaani za serikali kuu, na hizi za shirikisho zina kitabu cha mwongozo wa adhabu. Ndani kuna jedwali. Upande mmoja ngazi za kosa kuanzia 1 mpaka 43, upande wa pili mafungu sita ya rekodi ya mtu, yaani makosa aliyowahi kuhukumiwa nyuma, unakutanisha kidole kama unavyosoma ratiba ya treni unapata miezi. Kokeini kuanzia gramu 500 mpaka kabla ya kilo 2 inaanzia ngazi ya 24, na mtu asiye na rekodi hapo ni miezi 51 mpaka 63. Akikiri mapema na kwa dhati anaweza kushushwa ngazi tatu, anakuwa 21, miezi 37 mpaka 46. Umeona kukiri kulivyo na uzito? Sasa kaka mkubwa ndo anataka kwenda kuchezea hizo ngazi tatu.

Ila kuna kisiki. Bunge lao mwaka 1986 lilipitisha sheria ya viwango vya chini vya lazima, na kokeini ya unga ikifika gramu 500 jaji haruhusiwi kushuka chini ya miaka 5, ikifika kilo 5 ndo hiyo 10 mnayoisikia mtaani. Kwahiyo mdogo wako na gramu zake 600 kisiki chake ni miaka 5, sio 10, japo juu inaweza kufika mpaka 40. Na hiki kisiki ni kigumu kweli, jedwali likisema miezi 37 na sheria ikasema 60, inashinda 60, hata jaji akikuonea huruma mpaka machozi yamtoke.

Isipokuwa kuna kitundu. Wenyewe wanakiita valvu ya usalama, kile kidude cha juu ya sufuria ya presha kinachotoa mvuke isije ikalipuka. Ilitungwa 1994 na ikapanuliwa 2018. Mtu akitimiza masharti yake jaji anaruhusiwa kushuka chini ya kile kisiki, na juu ya hapo kwenye jedwali anapunguziwa ngazi mbili nyingine. Masharti yenyewe: rekodi yake iwe ndogo, asiwe ametumia nguvu wala vitisho wala kuwa na bunduki, kusiwe na aliyekufa au kuumia vibaya, asiwe yeye ndo bosi au mratibu wa wengine, na kabla ya siku ya adhabu awe ameueleza upande wa serikali ukweli wote anaoujua kuhusu kosa lake. Ukweli wote jamani, sio nusu nusu. Hili la mwisho ndo linawaangusha vijana wetu, anakaa anamficha fulani kwa sababu ni wa kwao, anadhani ni uanaume, kumbe ameuziba mwenyewe mlango aliofunguliwa.

Kwa ulivyonieleza mdogo wako anaweza kuwa ndani ya masharti, wakili ndo atajua. Ngazi ya 21 ukitoa mbili ni 19, miezi 30 mpaka 37. Na tangu Novemba 2023 kuna punguzo lingine la ngazi mbili kwa asiye na alama hata moja ya rekodi na kosa lisilo la ukatili wala bunduki, akilipata anafika 17, miezi 24 mpaka 30. Wakili pia anaweza kubishana kwamba alikuwa mshiriki mdogo, punda tu, nalo lina ngazi zake. Sisemi atapata hivyo, nasema hesabu inaweza kuanzia pale na kufika hapa, na hayo ni mambo ya wakili na ya mdogo wako mwenyewe, barua zenu hazihusiki hata kidogo.

Barua zenu zinaingia wapi basi? Zinaingia baada ya hesabu. Mwaka 2005 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilisema kile kitabu ni mwongozo, sio amri, jaji lazima akipige hesabu ila anaweza kutoka nje yake, na sheria inamtaka atoe adhabu inayotosha lakini isiyozidi inayohitajika, na aangalie historia ya mtu na tabia zake. Sasa historia ya mdogo wako jaji ataipata wapi? Anayo faili. Kwenye faili kuna gari, kuna gramu, kuna maabara imethibitisha. Kuna pia ripoti ya afisa probesheni, huyu anamhoji mshtakiwa maisha yake yote, kazaliwa wapi, kasoma wapi, anaumwa nini, anadaiwa nini, na anaweza kuwapigia simu hata nyie kuhakikisha, mkipigiwa semeni ukweli. Mshtakiwa na wakili wanatakiwa kuipata ripoti hiyo siku 35 kabla ya adhabu wakague makosa, na wana siku 14 za kupinga kilichokosewa. Ila hata ripoti nzuri itasema "baba alifariki mshtakiwa akiwa mdogo", mstari mmoja, nukta.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama miaka mingi kabla sijastaafu. Huku kwetu mtu akishatiwa hatiani anaulizwa una lolote la kusema, na maombi ya kupunguziwa adhabu nimeyaandika mpaka nikawa nayajua kwa kichwa: mheshimiwa mimi ni mkosaji wa mara ya kwanza, nina mke na watoto, wazazi wangu ni wazee wananitegemea. Dakika mbili zimeisha. Hakimu alishayasikia asubuhi hiyo mara sita. Sio kwamba ni uongo, ni kweli kabisa, ila ni nguo ya kila mtu, haimwonyeshi aliyeivaa. Baada ya kustaafu nikaanza kuwatafsiria watu barua za kupeleka nje, na hizi za majaji nimezipitia kadhaa, na nilichokiona ni kwamba mama anaandika kurasa tatu za naomba sana sana mheshimiwa nakupigia magoti, halafu kwenye kona ya ukurasa wa mwisho, kwa kupita tu, anaandika jambo moja dogo ambalo ndo lingetakiwa kuwa barua nzima.

Na wewe umefanya hivyo hivyo. Angalia ulichoniandikia. Dagaa. Hilo la wenzake kuhama dawati. Jaji wa Ohio hajui kwamba dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwamba mwezi ukiwaka watu wanakaa nyumbani, kwamba mtoto wa kidato cha pili anakaa kwenye mtumbwi akitazama taa ya karabai mpaka alfajiri kisha anaogea ndoo moja na kuvaa shati jeupe. Mweleze. Mwambie ziwa hilo hilo ndo lilimchukua baba yenu na mtoto akarudi kuingia humo humo. Mwambie alikuwa anakuletea shilingi ngapi na ulinunua nini, kama unakumbuka kwamba ilikuwa sare yako ya shule sema sare. Usiseme "ni mchapakazi na mwenye upendo", acha jaji aliseme mwenyewe.

Halafu ile kamari. Nilijua utaniuliza kama uifiche. Muulize wakili kwanza, ila mimi nisingeificha. Afisa probesheni ataikuta tu, madeni hayajifichi, na dada anayesema "alianza kubeti, nikamwonya kwenye simu akanikatia, nikamnunia miezi miwili na sasa najilaumu" anaaminika kuliko dada anayesema mdogo wangu malaika. Ukishaaminika kwa baya, unaaminika na kwa zuri.

Mambo mengine nitayasema haraka haraka. Barua inaanza na mheshimiwa jaji, unajitambulisha wewe ni nani kwake na umemjua tangu lini, unasema wazi kwamba unajua amekiri kosa gani, hapo usizunguke. Ukurasa mmoja, ukizidi sana viwili. Kila mtu aandike yake kwa maneno yake, msikae kikao mkatoa kopi kumi zenye majina tofauti, jaji atacheka. Msimwambie jaji ampe miaka mingapi, hiyo ni kazi ya wakili. Msiwaseme polisi vibaya wala kumsema yule mwenye mzigo. Usiahidi usichoweza, ila kama kuna mpango wa kweli akitoka, mtu wa kumpokea, kazi, chumba, uandike. Andika kwa Kiswahili chako kizuri, hiyo ndo barua, kisha itafsiriwe Kiingereza na mfasiri asaini kwamba tafsiri ni sahihi, zote mbili ziende pamoja. Na zote zipelekwe KWA WAKILI, usiitume wewe moja kwa moja kwa jaji hata kama umepata anwani mtandaoni, wakili azisome kwanza maana kuna neno moja linaweza kumwaga unga wote. (Samahani kwa huo utani, umenitoka.)

Mama naye aandike. Kuomba msamaha sio vibaya, ni mama, ila aanze na jambo alilolishuhudia kisha amalizie na ombi lake. Na mwambieni kijana ajiandae na maneno yake mwenyewe, kwa sababu siku hiyo jaji lazima amuulize kama ana la kusema kabla ya kutoa adhabu, ni haki yake. Asisome karatasi ya wakili. Aseme alichofanya na nani kaumia nacho.

Mjomba shikamoo. Kijana wetu ana kesi kama hizo huko huko. Juzi nimepigiwa na namba ya Marekani, mtu anaongea Kiswahili safi kabisa, anasema yuko ofisi ya mahakama, tukituma dola 3,000 jaji atapunguza nusu, na kwamba wakili wa serikali ni wale wale wanaomfunga. Tumeshauza ng'ombe wawili. Tutume? — Mzee wa Gungu

Marahaba, ila mzee mwenzangu, USITUME. Huo ni wizi mtupu. Hakuna ofisi ya mahakama inayopiga simu Gungu kuomba hela ya kupunguza adhabu, na kumpa jaji chochote kule ni kosa jingine kubwa kabisa, mnaweza kumwongezea kijana kesi ya pili na nyie mkaingia. Huku tumezoea lugha ya kumwona mtu, nakuelewa, ila ng'ombe hao warudishe kama mnunuzi bado anakubali.

Na hili la wakili nilisemee maana nalisikia sana. Wakili wa utetezi wa umma kule analipwa na serikali ndio, lakini sio mtu wa mwendesha mashtaka, hawakai ofisi moja, na kazi yake ni kumpigania kijana wenu. Kwenye mahakama za shirikisho hawa ndo wanashughulika na kesi hizi kila siku, wanalijua lile jedwali kuliko mawakili wengi wa kulipwa. Ukitaka kuhakikisha mtu ni wakili wa kweli, mwambie kijana mwenyewe akutajie jina la wakili wake na namba ya kesi, yule wa simu akishindwa kuvitaja umemjua.

Kingine, simu za magereza zinarekodiwa. Kijana akipiga muulize afya, msalimieni, mwambieni habari za mpira, habari za kesi aongee na wakili wake tu.

Mambo vipi Anko. Hivi kwanini punda anayebeba mzigo anakula mvua nyingi afu zungu la unga lenyewe linatoka mapema? Nimeona kwa jamaa yetu, yeye kabeba tu kapigwa 10, aliyemtuma kapewa pungufu. Hiyo haki kweli? — Kijana wa Mwanga

Poa kijana, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, hata Wamarekani wenyewe wanalipigia kelele. Kisa chake kiko hivi. Ukiacha ile valvu, mlango mwingine wa kushuka chini ya kile kisiki kabla ya adhabu ni kuwasaidia waendesha mashtaka kwa kiasi kikubwa, kuwataja wengine, kutoa ushahidi. Na ufunguo wa mlango huo anao mwendesha mashtaka peke yake, asipowasilisha ombi jaji hana la kufanya. Sasa zungu la unga lina watu ishirini wa kuwataja, punda anamjua mtu mmoja aliyemkabidhi begi, tena kwa jina la utani. Atauza nini? Hana bidhaa. Ndo hapo mkubwa anashuka na mdogo anabaki juu. Mimi binafsi sioni haki hapo, sheria inapima mzigo wakati punda hajui hata kilo ngapi kabebeshwa, na kwenye kesi za kula njama unaweza kuhesabiwa hata mzigo wa wenzako.

Kuna mfano mbaya zaidi. Kokeini ya unga na ile ya kupikwa ya mawe, wanaita kraki, asili ni moja. Sheria ya 1986 iliweka miaka 5 kwa gramu 500 za unga, na miaka 5 hiyo hiyo kwa gramu 5 tu za kraki. Gramu 5 ni kijiko cha chai. Waliokuwa wanafungwa kwa kraki wengi wao ni watu weusi. Ilichukua mpaka 2010 kubadilisha, na hata hapo haikuwa sawa kwa sawa, walipandisha kraki ikawa gramu 28, kwahiyo bado ni moja kwa kumi na nane.

Ila sikiliza, na hii ni kwa wote wanaoandika barua: habari za kumtaja nani au kusaidia serikali zisionekane kwenye barua za familia KABISA. Barua hizo zinaweza kuingia kwenye kumbukumbu za mahakama ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Umeandika "mdogo wangu ametoa ushirikiano mkubwa kwa polisi", ukadhani unamsifia, kesho imesomwa na watu wa yule aliyetajwa. Na mtu ana ndugu huku.

Mjomba naomba kujua, mume wangu ana grini kadi, kahukumiwa miezi 60 kwa heroini. Atatoka lini, na akitoka atarudi kwenye kazi yake kule? Na hivi Rais wetu akitoa msamaha wa Desemba 9 hauwezi kumgusa? — Mama K., Kasulu

Mama K. pole. Naanza na la mwisho, hapana, msamaha wa Rais wetu ni kwa wafungwa wa magereza yetu. Makosa ya shirikisho kule anayeweza kusamehe ni Rais wao, na sikushauri ukae ukisubiria hiyo.

Kutoka: kwenye mfumo wa shirikisho hakuna parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, ilifutwa kwa makosa yote ya kuanzia Novemba 1987. Kuna punguzo la tabia njema, mpaka siku 54 kwa kila mwaka wa adhabu aliyopewa, kwahiyo miezi 60 ni kama siku 270, miezi tisa hivi. Muda aliokaa mahabusu kwa kesi hiyo nao kwa kawaida unahesabiwa. Sheria ya 2018 ilileta na pointi za kusoma na kufanya programu gerezani zinazomtoa mtu mapema, lakini mwenye amri ya mwisho ya kufukuzwa nchini haruhusiwi kuzitumia hizo pointi, na hapo ndo nafika kwenye ninalochelea kukwambia.

Uwezekano wa kurudishwa Tanzania ni mkubwa sana. Usafirishaji wa dawa za kulevya kwa asiye raia unahesabiwa kosa zito kwenye sheria yao ya uhamiaji, na grini kadi haimkingi, wala kuwa na miaka mingi kule. Mahakama yao ya juu mwaka 2010 ilisema wakili wa jinai lazima amweleze mteja asiye raia kuhusu hatari ya kufukuzwa kabla hajakiri. Kama mume wako hakuelezwa kabisa amwambie wakili haraka, kuna muda maalum wa kulalamika. Pia ubalozi wetu unatakiwa kujulishwa, aombe asiombe, hawawezi kumtoa ila hati za safari zitapitia kwao. Na wewe anza kumwandalia kama mtu wa kurudi Kasulu, sio wa kurudi kazini. Kama ana hela za mafao au gari huko aandike nani asimamie sasa hivi akiwa bado anaweza kusaini.

Anko mimi ni mama yake yule wa Kibirizi. Binti kaniambia kakuandikia. Mimi sijui kuandika, nilisoma ngumbaru kidogo tu nikaacha. Barua yangu itakubalika? Na nimwambie jaji kitu gani mimi, sijawahi hata kufika Dar. (Amenitumia kwa sauti, nimeandika mimi.)

Itakubalika mama. Kaa na binti yako, wewe ongea yeye aandike vile vile unavyosema, asikurembee maneno, akimaliza akusomee wewe usikilize kama ndiyo, kisha uweke dole gumba na yeye aandike chini kwamba mama kasema mimi nimeandika na nimemsomea, asaini na jina lake. Yale uliyoniambia kwenye sauti yanatosha. Kwamba ile asubuhi ya kwanza alirudi na bakuli la dagaa akaliweka mlangoni hakuingia ndani kwa sababu aliona unalia, akakaa nje mpaka ukanyamaza ndo akabisha hodi. Anzia hapo. Huna haja ya kufika Dar.

Mkimaliza pigeni picha kila ukurasa juani, sio chini ya taa, kivuli cha mkono kisiwepo, mtumieni wakili leo leo na karatasi zenyewe mzitunze kwenye mfuko wa nailoni asije akazihitaji. Saa tatu asubuhi ya Ohio kwetu ni saa kumi jioni, miezi yao ya baridi inakuwa saa kumi na moja, kwahiyo akiwajibu mtakuwa bado ufukweni mnaanua dagaa. Tafsiri nitafanya mimi, binti aje nayo Ujiji Jumamosi, hela asije nayo.